Kata ya Maji Golini

Mzee Randu alilionja tembo, akalizungusha mdomoni, kisha akalitema karibu na miguu ya mkwewe.

Hakupiga kelele. Alikinyanyua kibuyu, kadzama nzima ya tembo la heshima, iliyobebwa begani maili tisa kutoka Tiwi mpaka Golini, akakiinamisha mbele ya wazee na wanawake wa mji wake, akakiacha kimwagike mpaka tone la mwisho. Tembo lilitambaa juu ya udongo mwekundu wa uani, likatoa povu kidogo, likanywewa na ardhi.

"Bwana Boga," alisema, akimwelekea mjomba wa mkwewe, kwa kuwa mkwe mwenyewe hakustahili tena kusemeshwa, "mimi nimegema miaka ishirini na mitatu kabla goti halijanigomea. Nieleze basi. Hili ni tembo lililotiwa maji, ama ni maji yaliyotiwa tembo?"

Wanawake waliokuwa jikoni waliangua kicheko. Mzee Boga, aliyekuja kama mshenga na aliyekuwa ameshatoa hotuba ndefu ya heshima, alimgeukia mpwawe Mwero polepole. Mwero alikuwa ameinama akivitazama vidole vyake vya miguu.

Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwero hakuwa amesifiwa na mtu. Alilitia maji kwa sababu nyingine, na ya kipumbavu zaidi. Mnazi hautaki mchezo: kila asubuhi na kila jioni mgema sharti apande na kulikata karara kwa kotama yake ili liendelee kutoa tembo; akiruka siku mbili tatu, karara linakauka. Mwero alikuwa akigema minazi minane ya Bwana Abdurahman huko Tiwi, na tangu ofisi ya wilaya itangaze mbio za kuadhimisha mwaka wa kwanza wa Jamhuri, asubuhi zake zote alizitoa kwa kujizoeza kukimbia. Makarara yakamkaukia. Siku ya kupeleka kadzama ilipofika kibuyu kilijaa nusu tu, na tembo la wagema wenzake lilikuwa limeshanunuliwa lote kwa ajili ya matanga kule Waa. Kwenda ukweni na kibuyu nusu ni aibu. Basi akaenda kisimani. Kata tatu tu, alijiambia, nani atajua? Akamsahau mzee Randu, na ulimi wake wa miaka ishirini na mitatu.

Na haikuwa ziara ya kusalimiana. Miezi miwili kabla, Mwero alimpiga mkewe Mbodze kwa mpini wa kotama mpaka jino likamtoka, eti kwa sababu alimwambia, "Minazi inakauka, mume wangu, wewe wakimbizana na nani?" Mbodze alifunga kanga zake mbili, akapanda kilima kurudi kwao akiwa na mimba changa. Na katika mji wa mzee Randu, mke aliyekimbilia kwao hakurudishwa kwa maneno matupu. Mume alileta kadzama, wazee wakanywa, kisha mke mwenyewe akamletea mumewe maji kwa mkono wake mbele ya watu. Mume akishayanywa, shauri limekwisha, na hakuna wa kulifufua.

Mbodze alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji mkononi, tayari. Hapo ndipo moyo wa Mwero ulipouma. Alikuwa ameshayachota.

"Ulimng'oa dada yangu jino," ilisema sauti nyuma yake, "na leo umetuletea maji ya kisima tunywe kama ng'ombe?"

Ilikuwa sauti ya Kaingu, kakake Mbodze, mwenye mabega ya kupasua mawe na hasira za karibu. Bakora ilitua shingoni mwa Mwero kabla hajageuka. Alianguka kifudifudi juu ya tope la tembo lake mwenyewe. Teke likamwingia mbavuni, na la pili, na la tatu likampata mdomoni. Mzee Boga alipiga mayowe, "Jamani, mtamuua! Muogopeni Mungu!" Mzee Randu alikaa akitazama kama mtu anayetazama mvua.

"Nasikia wakimbia siku hizi," Kaingu alisema huku akihema. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pita hapa Golini tena kwa miguu miwili, utaondoka na mmoja."

Mwero aliinua uso, damu na tembo vikimchuruzika kidevuni. Mama yake Mbodze alikuwa ameipokea ile kata, akiyarudisha maji mtungini.

*

"Kwa nini hukunambia?" Mzee Boga aliuliza walipokuwa wakishuka kuelekea Kombani. Alikuwa ameshauliza mara tano.

"Ningekwambia usingekuja, mjomba."

"Haswa! Nisingekuja! Nisingevaa kanzu yangu ya Idi nikaaibishwe mbele ya wanawake!" Alitembea kidogo, akasimama. "Na hizo mbio zenu zapita wapi?"

"Zaanza Tiwi, zapinda Kombani, zapanda mpaka uwanja wa boma Kwale. Maili kumi na tatu na ushei."

"Zapita Golini."

"Mbele ya mji wao."

Mzee Boga alishika kichwa. Mwero akatema damu, akaanza kumweleza tena yale aliyomweleza mwezi mzima. Atakayeshinda ataandikwa kazi ya askari wa msitu kule Shimba. Atapewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na nyumba ya mabati Kwale. Hatapanda mnazi tena. Babake mwenyewe Mwero alianguka kutoka mnazi wa nne wa ile minane, akalala kitandani miaka sita akihudumiwa kama mtoto mchanga. Mwero alikuwa akiuona mnazi huo kila asubuhi.

"Nikirudi pale na koti la serikali, mjomba, nani atanitemea tembo miguuni?"

"Ulishawahi kumwomba mkeo radhi?"

Mwero alijipangusa damu kidevuni.

"Nakuuliza wewe. Ulimwomba radhi?"

"Nilileta kadzama."

"Ulileta maji," alisema Mzee Boga, akamtangulia njiani mpaka Tiwi.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Jamhuri, mama yake Mbodze alishuka sokoni Tiwi kuuza mihogo. Mwero alimwona akataka kujificha nyuma ya magunia, lakini mama yule alimwita kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikiliza, sina maneno mengi nawe. Mwanangu ana moyo mjinga, sijui ameutoa wapi. Asema siku ya mbio atakaa barabarani na kata ya maji, pale penye mkunazi, upande wa kushoto. Watu watakuwa wamejaa, wazee wote watakuwepo. Akupe, unywe, basi. Babake atanung'unika, lakini hataweza kulifufua shauri."

"Na Kaingu?"

"Kaingu atakuwa Kwale kuangalia ngoma, kama wanaume wengine wote." Alijitwika kapu lake. "Simama unywe, Mwero. Usipite kama upepo."

Siku hiyo Mwero aliigema minazi yake yote minane akiimba.

*

Walipangwa watu arobaini na wawili mbele ya duka moja pale Tiwi, saa moja ya asubuhi, wengi miguu mitupu, kila mmoja na kitambaa cha namba kifuani. Jua la Disemba lilikuwa limeshaanza kuuma. Bendera iliposhushwa walifyatuka wote pamoja, na maili ya kwanza haikuwa mbio, ilikuwa ngumi. Viwiko viliingia mbavuni, watu walivutana fulana. Askari polisi mmoja wa kutoka bara, mwenye raba nyeupe, alimkanyaga Mwero kisigino kwa makusudi mpaka ngozi ikabanduka.

"Songa huko, mtu wa nazi! Hii si kupanda mti!" alimfokea.

Mwero hakusonga. Alimpiga kiwiko cha koo, yule askari akayumba mpaka kwenye mihogo ya watu. Hakuna aliyeona, au walioona walicheka. Mwero naye alicheka. Alijihisi mwepesi, na mkali, na mwenye haki zote za duniani.

Kombani walipinda kushoto, na barabara ikaanza kupanda. Hapo ndipo mbio zilipochambua watu. Kilima cha kwanza kiliwaacha kumi wamekaa vichakani. Ilikuwa barabara ya vumbi jekundu na changarawe, iliyopanda, ikashuka kidogo kukudanganya, kisha ikapanda zaidi. Kushuka kulimuumiza Mwero kuliko kupanda: kila hatua ilimgonga magotini na kukifungua upya kile kisigino. Lakini kupanda alikujua. Mtu anayepanda minazi minane mara mbili kwa siku amezoea mapaja kuwaka moto, na amezoea kuyaambia yanyamaze. Alihesabu hatua kama anavyohesabu vikato vya mnazi, thelathini kwa thelathini, bila kutazama juu.

Maili ya saba alimpita yule askari wa raba. Alikuwa ameinama kando ya barabara akitapika chai yake yote. Maili ya nane alikuwa mbele ya wote, na mtu mmoja tu nyuma yake, karibu mno hata akasikia mate yake yakimezwa. Namba kumi na saba. Jina lake Waziri, tarishi wa Msambweni, mwembamba, aliyezoea kupeleka barua kwa miguu mpaka vijiji visivyo na njia.

"Enda tu, ndugu yangu," Waziri alisema kwa pumzi fupi. "Nipo nyuma yako mpaka Kwale, inshallah."

"Utachoka."

"Nimeshachoka. Hilo halinizuii."

Mwero aliongeza mwendo. Waziri naye akaongeza. Kifua cha Mwero kiliunguruma, kisigino kiliacha alama ya damu kwenye vumbi kila hatua ya pili, na zile mbavu alizopigwa mateke zilimchoma kila alipovuta pumzi ndefu. Akawa anavuta fupi fupi. Kichwani mwake kulikuwa na mambo mawili tu: mkunazi, na kata ya maji. Atasimama. Atakunywa mafunda matatu. Waziri atampita hatua ishirini, na hatua ishirini atazirudisha katika kile kilima cha mwisho. Alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo siku mbili nzima.

Watu wa Golini walikuwa wamejaa pande zote mbili za barabara, wakipiga vigelegele na debe. Mwero aliuona mkunazi. Chini yake alimwona Mbodze, tumbo limeanza kuonekana chini ya kanga, ameishika kata kwa mikono miwili na kuifunika kwa jani la mgomba maji yasipate vumbi. Mbodze alimwona. Alilitoa jani. Akapiga hatua moja barabarani.

Kisha Mwero akamwona Kaingu.

Hakuwa Kwale wala ngomani. Alitokea nyuma ya watu na bakora yake, na hakumwendea Mwero hata kidogo. Alimwendea dadake. Aliipiga ile kata ikaruka juu, maji yakametameta juani, na kabla hayajafika chini bakora ilikuwa imeshashuka mara ya pili, juu ya mkono wa Mbodze alioinua kujikinga. Mwero aliusikia ule mlio. Ulikuwa mkavu, kama kuti linapovunjwa kwa goti. Mbodze aliangukia ubavu, akakunjika kulizunguka tumbo lake.

Walikuwa hatua kumi na tano mbele yake. Macho yake na ya Mbodze yalikutana, kwa muda ambao ungetosha kuita jina.

Jamani, tusimseme Mwero kwamba hakuona. Aliona. Alijiambia mambo manne kwa mkupuo mmoja: kwamba akisimama Kaingu atamvunja mguu kama alivyoapa, kwamba watu ni wengi, watamwinua, kwamba atarudi jioni akiwa na koti, na mwenye koti hapigwi wala mkewe hapigwi, kwamba Waziri yuko nyuma yake hatua mbili. Yote yalikuwa na maana. Miguu yake haikungoja hata ayamalize. Aligeuza macho, akatazama kilima, akapita.

Nyuma yake alisikia vigelegele vikikatika, na sauti ikifoka, "Ewe! Ewe bwana! Mwanamke mjamzito huyo!" Ilikuwa sauti ya Waziri. Hakuelewa kwa nini inasikika mbali vile, wala kwa nini zile pumzi nyuma ya shingo yake zimekwisha. Alielewa alipofika kona ya juu na kutupa jicho. Barabara ilikuwa tupu. Namba kumi na saba alikuwa amesimama.

Maili nne zilizobaki Mwero alizikimbia peke yake, na hazikumpa raha hata chembe.

*

Uwanjani Kwale walimbeba juu juu. Alikata utepe, akaanguka magoti, akatapika nyongo, na watu wakaona ni ushujaa. Bwana Kahindi wa ofisi ya wilaya, mtu mnene mwenye miwani, alimvisha lile koti la kaki mbele ya halaiki na kumpa mkono.

"Koti hili si lako, ni la serikali," alimwambia sikioni, huku makofi yakiendelea. "Jumatatu saa mbili uje nalo hapa, zima na safi. Askari wa msitu wa kupigana ovyo mitaani simtaki. Nilikuwa naye mmoja, akanitosha."

"Naam, bwana."

Mwero alikuwa amekaa kivulini akifungafunga vile vifungo vya shaba alipomwona Waziri akiingia uwanjani. Alikuwa akitembea, kifua wazi, fulana yake hana. Alikuwa mtu wa kumi na tisa. Alimjia moja kwa moja na kumpa mkono bila kinyongo.

"Hongera, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amekujaalia."

"Ahsante."

"Yule mwanamke pale Golini, mkono umevunjika. Nimemfunga kwa fulana, nikamngoja apate watu wa kumkalisha. Hakulia. Alikuwa akiitazama barabara tu." Waziri alijifuta jasho. "Wewe ulipita karibu yake. Wamjua ni nani?"

Mwero aliangalia vifungo vyake.

"Simjui," alisema.

*

Alishuka Golini alasiri, akichechemea, koti amelifunga mpaka shingoni na joto lote lile. Njiani alipanga maneno. Alipofika hakuhitaji hata moja, kwa maana Kaingu mwenyewe ndiye aliyemtokea njiani akicheka meno thelathini na mawili.

"Shemeji! Karibu, karibu! Tumesikia! Maili kumi na tatu, na hata hukuhema!" Aliligusa lile koti begani, akalipapasa kitambaa. "Kaki nzito hii. Yale ya nyuma yamepita, shemeji. Hasira za ndugu."

Mzee Randu alikuwa ameshatoa kigoda, kile cha wageni. Alimsemesha Mwero kwa mara ya kwanza tangu siku ya tembo. Alimwita mwanangu. Aliuliza habari za mshahara, na kama askari wa msitu anaruhusiwa kuwapa watu wake kuni na nguzo za kujengea. Kuhusu kadzama hakusema kitu. Aliinua mkono kuelekea nyumbani.

"Mbodze! Mletee mumeo maji."

Mbodze alitoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa fulana nyeupe, na ile namba kumi na saba ilikuwa imegeukia nje. Wa kulia ulishika kata. Alitembea mpaka katikati ya ua, pale pale palipomwagwa tembo, akasimama.

"Mbodze," alisema Mwero. "Mtoto je?"

"Anacheza." Aliitazama kata mkononi mwake. "Niliifunika ile kata kwa jani, maji yasiingie vumbi. Nikasema, hata akiwa anafukuzwa na shetani, atasimama. Ulinitazama, Mwero. Kisha ukatazama kilima."

"Ningesimama ningeshindwa. Ilikuwa kwa ajili yetu, mimi na wewe na..."

"Na yule aliyesimama alikuwa hashindani?"

Mzee Randu alikohoa kwa ukali. "Maneno ya ndani semeni ndani. Mpe mumeo maji, watu wanangoja."

"Sitampa."

"Usitutie aibu mbele ya mtu wa serikali!" Kaingu aliruka. Asubuhi alikuwa amemvunja dadake mkono asimpe mtu huyu maji. Sasa aliushika mkono ule ule uliovunjika, juu kidogo ya fundo la fulana, akamsukuma nao mbele. "Mpe! Nasema mpe!"

Mbodze alipiga ukelele. Ulikuwa wa kwanza siku ile.

Mwero hakujua ameinukaje. Alijua tu kwamba ngumi yake imeshafika, na kwamba pua ya Kaingu imebonyea chini yake. Kaingu alirudi nyuma, akaiokota bakora, akaishusha kichwani mwa Mwero, na ngozi ya juu ya jicho ikapasuka. Damu ilimziba jicho moja. Alimrukia kwa jicho lililobaki. Walianguka pamoja, wakakivunja kigoda, wakabiringika mpaka kwenye mafiga, majivu yakawavaa. Kaingu alimng'ata bega. Mwero akamshika masikio akamgongesha kichwa ardhini. Kitu kilipasuka kwa mlio mrefu, na hakuna aliyekijali. Mwishowe Mwero alikuwa juu. Akapiga. Akapiga kwa yale mateke ya siku ya tembo, akapiga kwa bakora ya asubuhi, kisha akaendelea kupiga kwa jambo ambalo Kaingu hakulitenda, alilitenda mwenyewe, na ngumi haikuweza kulifikia.

"Basi," alisema Mbodze.

Hakusema kwa nguvu. Mwero alisimamisha ngumi hewani. Chini yake Kaingu alikuwa akilia kwa sauti ya kukoroma, kinywa kimejaa damu. Mwero alimtazama mkewe, akaona anachokitazama. Hakuwa akimtazama Kaingu. Alikuwa akiutazama ule mkono ulioinuliwa, na alikuwa amerudi nyuma hatua moja.

Mwero aliushusha. Alijiinua, akakaa chini mavumbini. Lile koti lilikuwa limechanika kutoka begani mpaka upindo, na vifungo viwili vya shaba vilikuwa vimelala karibu na kuku. Watu wazima wa Golini wapatao thelathini walikuwa wamesimama uani. Habari hii ingemfikia Bwana Kahindi kabla ya chakula cha usiku.

"Koti la serikali!" mzee Randu alinong'ona, kama aliyefiwa. "Amelichana koti la serikali."

Mwero alilivua. Alilikunja vizuri, upande wa damu ndani, akaliweka juu ya kipande cha kigoda. Alibaki na fulana yake ya mbio. Kisha akasema neno ambalo kadzama haikuweza kulisema kwa niaba yake, wala koti.

"Nisamehe, Mbodze. Kwa jino. Na kwa leo. Waziri aliniuliza kama nakujua, nikamwambia sikujui."

Mbodze alimkaribia, akasimama mbele yake. Mwero aliitazama ile kata, koo limemkauka tangu asubuhi, akafunua midomo bila kujua.

"Haya ni ya kunawa," alisema Mbodze. "Si ya kunywa."

Mwero alikinga viganja. Mbodze aliinamisha kata kwa mkono wake mmoja mzima, polepole, bila kumwaga ovyo, na Mwero akanawa uso, akanawa damu ya Kaingu vidoleni, akaliosha lile jicho mpaka likaona. Maji yaliyoanguka chini yalikuwa mekundu, kisha mekundu kidogo, kisha meupe.

Palibaki funda moja chini ya kata. Wote wawili waliliona. Mama yake Mbodze, aliyekuwa mlangoni, alishika kifua kwa mikono miwili.

"Nenda kageme minazi yako, jua linatua," alisema Mbodze.

Akageuka, akairudisha kata ndani, taratibu, ili lile funda lisimwagike.